Usiuguse Mstari Uliokwisha Kutoka Mlangoni

Wanangu mnaokaa mbele ya kompyuta katika madepo ya Kamembe, hapa Rwanda mpakani na Kongo, nataka tuzungumze juu ya lile jedwali lililo chini ya fagitire, yaani ankara. Juu kuna jina la mteja, tarehe na namba. Chini kuna mistari: saruji mifuko 40, mchele wa Bugarama magunia sita, mafuta ya kupikia katoni tatu. Ukibofya kisanduku kinafunguka, unaandika, unabonyeza Tab, jumla inabadilika yenyewe. Kazi tuliyoifanya sisi kwa kalamu na kikokotoo mnaimaliza kabla mteja hajahesabu noti zake. Siionei kijicho kazi hiyo. Kinachonitia hofu ni kwamba kisanduku kilichofunguka leo kwa kidole kimoja, kesho kinafunguka vilevile, hata kama mzigo umekwishavuka daraja la Rusizi uko Bukavu unauzwa.

Mwelewe kwanza mnachokiona. Macho yanawaambia kwamba hii ni karatasi moja, lakini ndani ya mashine fagitire inalazwa mahali pake na mistari mahali pengine. Kila mstari unabeba namba ya fagitire iliyouzaa, na pasipo namba hiyo haujulikani ni wa nani. Aliyeweka msingi wa utaratibu huo ni Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California, akauchapisha mwaka 1970.   Basi kijana akiniambia, “Mzee, nimefuta fagitire tu,” mimi humuuliza mistari imekwenda wapi. Kuna programu zinazofuta watoto, yaani mistari, pamoja na mzazi, yaani fagitire. Kuna zinazokataa mzazi asifutwe maadamu ana watoto, na hizo nazipenda. Zilizoundwa ovyo humwondoa mzazi na kuwaacha watoto yatima, na mwisho wa mwezi stoo inaonyesha mchele uliotoka bila kujulikana aliyeuchukua.

Mjue pia kipi ni cha juu na kipi ni cha chini. Hapa kwetu sarafu tatu hukutana mezani: faranga ya Rwanda, faranga ya Kongo na dola. Sarafu ni ya juu, pamoja na kiwango cha kubadilishia cha siku ile. Ukiuruhusu kila mstari uchague sarafu yake, jumla itakayotoka haina maana yoyote, hata ikipendeza kwa rangi. Kipimo, kinyume chake, ni cha mstari. “Mchele 6” si habari. Sita nini, gunia au kilo? Huyu wa saruji ananunua kwa mfuko, yule wa samaki wa isambaza ananunua kwa kilo, na wote wawili wanaweza kuwa kwenye fagitire moja.

Nakaa zaidi kwenye bei, maana hapo ndipo nimeona watu wazima wakigombana. Mnapochagua bidhaa, programu inaleta bei kutoka kwenye orodha ya bidhaa. Swali ni je, inainakili bei ile ndani ya mstari, au inaichungulia kule orodhani kila mara fagitire inapofunguliwa? Ikiwa inachungulia, siku tajiri atakapopandisha saruji, fagitire zote za mwaka jana zitapanda nazo. Mteja aliyelipa deni lake lote ataonekana anadaiwa. Kulijua hili hakuhitaji fundi kutoka Kigali. Andika fagitire ya majaribio, ihifadhi, badilisha bei katika orodha, kisha rudi uifungue. Ikiwa jumla imesogea, mwambieni aliyewauzia programu aje aichukue. Bei ya mstari ni makubaliano ya watu wawili siku moja, na hayafuati soko la leo.

Jaribio lingine ni la umeme: ukikatika katikati ya kazi, ni mistari ipi imebaki? Katika Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992 na ambayo bado naiona katika ofisi kadhaa, mstari huhifadhiwa mara tu unapouacha na kwenda unaofuata. Programu nyingi za siku hizi zinazofunguliwa kwa intaneti huishika mistari yote kwa muda, mpaka ubonyeze kuhifadhi fagitire nzima. Kila njia ina faida yake. Ubaya ni kufanya kazi mwaka mzima bila kujua yako ni ipi, ukapakia gari kwa mistari kumi wakati mashine ina minne. Na kama wawili wenu mnaweza kuifungua fagitire moja kwa wakati mmoja, jaribuni muone nani anamfuta mwenziwe.

Halafu kuna mkato na nukta. Waliosoma kwa Kifaransa, na wateja wetu wote wa ng'ambo ya mto, huandika kilo mbili na nusu kwa mkato: 2,5. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza inangoja nukta, na mkato inaudhani ni wa kutenganisha maelfu. Nyingine itasoma 25 bila hata kukohoa. Isambaza ya kilo mbili na nusu inageuka ya kilo 25. Kabla ya kumlaumu mpima samaki, tazameni mashine imepangwaje.

Sasa nirudi kwenye hofu yangu. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilipoanza kuleta mashine za kutolea risiti, ziitwazo EBM, mwaka 2013, sokoni palikuwa na manung'uniko mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini jambo moja mashine hizo zililijua kuliko jedwali lenu. Risiti ikishatoka, taarifa zake zimekwenda kwa Mamlaka. Hakuna kurudi kwenye kisanduku ukageuza mifuko 40 kuwa 37. Mteja akirudisha mifuko mitatu iliyoganda, unatoa risiti ya marejesho inayoitaja ile ya kwanza, na zote mbili zinabaki. Hilo halikubuniwa Kigali. Luca Pacioli, mtawa wa Kiitaliano aliyechapisha kitabu chake huko Venezia mwaka 1494, aliwaeleza wafanyabiashara namna ya kutengua kosa kwa kuandika ingizo la kulipinga, la kwanza likiachwa lilivyo.

Kwa hiyo fagitire ya depo itendeeni kama risiti ya EBM. Kabla ya kuithibitisha, ongeza, futa, panga upya, hapo jedwali ni lako. Baada ya kuthibitisha, mwombeni msimamizi aifunge mistari isiandikike. Najua mtalalamika: kurekebisha kisanduku kunachukua muda mfupi sana, kutoa hati ya marejesho ni hatua kadhaa na mteja anasubiri. Ni kweli. Lakini mistari ile inabeba TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, na mkaguzi akikuta fagitire ya depo inasema 37 na risiti inasema 40, hatauliza nani alikuwa na haraka. Na msikubali kutumia jina moja la kuingilia watu wanne. Siku mstari utakapobadilika, mashine itataja jina hilo hilo kwa wote, na anayeumia huwa ni mdogo wenu kazini.

Tena, msimwachie mteja karatasi aondoke nayo kimya. Mgeuzieni skrini, au kama hasomi msomeeni mstari kwa mstari: bidhaa, kipimo, idadi, bei, jumla. Mama wa Bukavu anayebeba mzigo kuvuka mpaka hana kompyuta, ila anakumbuka kila kilo aliyoagiza na kila faranga mliyopatana. Akisema mstari wa tatu si sawa, acheni kumwonyesha kwamba mashine imehesabu vizuri. Ndiyo, imehesabu vizuri. Nendeni stoo mkatazame gunia.