Imepita Wapi?

Sisi watu wa pwani tuna neno letu, kupaliwa, na mtoto akipaliwa hupigwapigwa mgongoni, akanyweshwa maji (jambo ambalo lenyewe halifai), na kikohozi kikishatulia bibi wa nyumba hutamka, "Alhamdulillahi, imeshuka," kila mtu akarejea kwenye shughuli yake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu jioni moja, mjukuu wangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka 2 wala kuota magego ya kutafunia, alipookota njugu nyasa mkekani akaitia kinywani huku akicheka. Akakohoa hata machozi yakamtiririka, kisha akanyamaza, nasi tukashukuru.

Usiku wa tatu, tulipokwisha kumnunulia dawa ya kikohozi na jirani amekwisha kusema kwamba ni pumu, nilimtegea sikio kifuani: kushoto pumzi ikipita taratibu, kulia ikilia mluzi mwembamba. Njugu haikushuka tumboni. Ilikuwa imeingia katika mrija wa pafu la kulia, ulio mpana na ulionyooka zaidi kuliko wa kushoto, ikafyonza unyevu ikavimba, mpaka tabibu alipoitoa kwa bomba lenye taa lililopitishwa kinywani.

Tangu siku ile najiuliza: je, shukrani inayofunga mlango wa kuuliza ni shukrani? Wako wanaotulaumu waumini kwa kusema "majaliwa" baada ya msiba, lakini mimi silioni kosa hapo, kwani mfiwa anayeegemea kadari ameegemea haki. Hatari imo katika alhamdulillahi ya haraka, inayomrudishia Mola kazi aliyotukabidhi sisi. Mtu arejeshewapo amana ya dhahabu huihesabu papo hapo. Kwa nini basi pumzi ya mtoto, amana iliyo kuu kuliko dhahabu, tuipokee tumefumba macho?

Chevalier Jackson, tabibu wa Philadelphia aliyefariki mwaka 1958, alihifadhi vitu zaidi ya 2,000 vilivyotolewa katika makoo na mapafu ya watu, pini, vifungo, sarafu, na vyote akaviandikia kumbukumbu. Nami katika uangalifu ule, sijui nia yake ilikuwaje, naona namna ya ibada.

Bibi yake mtoto angali akisema alhamdulillahi kila kikohozi kinapotulia, ila siku hizi hulitamka polepole, amekwisha kumvua shati mtoto na kuinamisha sikio, na akiusikia ule mluzi hangoji kupambazuke.