Ufito Kabla ya Maua

Delfinia haivunjiki ikiwa changa. Ingali mche wa majani machache, upepo huipita juu. Huvunjika juma lile lile inapofikia fahari yake: shada la maua ya buluu limefunguka karibu lote, limempita mtu kimo, na wapita njia wanasimama kwenye uzio kulitazama. Mvua ya alasiri inanyesha, maua yanajaa maji, na shina lenyewe ni tupu ndani kama mwanzi. Asubuhi unalikuta limelala.

Kwa hiyo anayeijua huchomeka fito mapema, mmea ukiwa umefika magotini, wakati ambapo hakuna anayeona haja yake. Kamba ya katani huifunga kwa ulegevu ili shina lipate kuyumba. Likikazwa, hukatikia pale pale kwenye fundo. Katika mashamba yetu ya maua ya kuuza Ulaya, wavu hutandazwa juu ya tuta mapema, na mimea ikakua ikipenya ndani yake. Mengine ya kuitunza mnayajua: udongo wenye mboji usiotuamisha maji, ubaridi wa usiku, kuwaondoa konokono, kukata shada lililonyauka ili mmea uchanue tena. Na mbuzi wafungwe mbali, watoto nao waonywe, maana mmea mzima una sumu.

Zipo delfinia za porini katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Huota katikati ya nyasi, wala hakuna anayezichomekea kitu. Hizi za bustanini zimerefushwa na watu. Wakulima wa Ulaya walichagua, kizazi baada ya kizazi, zile ndefu zaidi na zenye maua mengi zaidi. Uzito ule tuliutaka sisi wanadamu, basi na ufito ni deni letu.

Namfikiria kifungua mimba aliyepata kazi nzuri mjini. Anasomesha wadogo zake, analipa bili ya hospitali ya mama, na katika kila harambee jina lake husomwa la kwanza. Kila mwaka tunamwongezea ua moja. Nani amemuuliza analalaje? Katika sala za Jumapili tunawataja wagonjwa, wajane na wasio na kazi, na ni haki yao. Yeye hatajwi. Siku akianguka ndipo kikao kinaitishwa, tena wengine wanafika na mashtaka badala ya kamba.

Someni tena Kutoka 17. Kule Refidimu, mikono ya Musa ililemewa siku ile ile ilipokuwa ikileta ushindi. Ilipoinuliwa Israeli walishinda, iliposhuka Waamaleki walishinda. Haruni na Huri hawakumhubiria habari za kusimama imara. Walimtafutia jiwe akalikalia, wakamshika mikono, mmoja huku na mwingine huku, mpaka jua likatua. Napenda sana lile jiwe. Ni msaada usio na maneno, na hakuna aliyeona aibu kumwona kiongozi ameketi.

Baraza la wazee litakutana Alhamisi. Nimeomba jambo la kwanza tutakalozungumza liwe hali ya mwalimu wetu wa kwaya, ambaye kwa sasa hana tatizo lolote.