Kilichoanguka Kina Mwenyewe

Desemba 30, 2024, pete ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Ilikuwa na upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilituma maofisa, wakaichukua, kisha likatangaza kuwa uchunguzi wa awali umeonyesha ni kipande cha roketi. Kwa kawaida vipande kama hivyo huungua vikirudi duniani, au huangukia baharini.

Watu walitania, wakaingia Mwaka Mpya. Mimi nilibaki na swali: kwani tunachunguza vitu vya angani ili iweje? Wengi hudhani ni kusaka wageni wa sayari nyingine. Nadhani kazi yenyewe ni kujua nani awajibike.

Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo italipia madhara yake ardhini, hata kama haikuzembea. Sawa kabisa. Lakini lazima kwanza ijulikane chombo ni cha nani. Kitu kisichotambuliwa hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakina wa kudaiwa fidia. Pete ile ingeangukia nyumba ya mtu, jina la nchi iliyoirusha lingemfaa kuliko pole zetu zote.

Ndiyo maana simcheki anayepiga ripoti kwamba ameona kitu asichokielewa. Hapa kwetu Nakuru, Julai 2020, Loon na Telkom Kenya walianzisha intaneti ya baluni zilizoelea kama kilomita 20 juu yetu, kutoka Narok hadi Baringo na Kisumu. Mtu wa Njoro akiinua macho jioni aone nukta nyeupe imetulia juu, ati tumwambie amelewa? Mradi ulifungwa 2021, lakini baluni zilikuwepo kweli.

Marekani walilifanya jambo hili vibaya. Jeshi lao la anga lilipokea ripoti 12,618 kupitia mradi wa Blue Book na kazi iliyoutangulia, hadi 1969. 701 zilibaki bila maelezo. Mwaka 1997, mwanahistoria Gerald Haines aliandika katika jarida la CIA kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege za siri za upelelezi, kama U-2. Wachunguzi walijua. Wananchi wakaambiwa wameona chembe za barafu. Yaani shahidi alisema kweli, ofisi ikadanganya.

Utasema usalama wa nchi kwanza. Nakubali, serikali ina haki ya kunyamaza. Ila kunyamaza ni kitu kimoja, na kumfanya mtu ayatilie shaka macho yake mwenyewe ni kingine. Heri zile 701: "hatujui" ni jibu la heshima.

Tena serikali inamhitaji shahidi huyo. Kule Mukuku, wanakijiji ndio waliotoa taarifa. Mwananchi akishazoea kuambiwa hakuona alichokiona, pete ya kesho ataipeleka kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, na hatutajua kamwe ilikuwa ya nani.