Je, Kumkagua Mwaminifu ni Kumdhania Vibaya?

Katika darsa yetu ya Alhamisi, huku upande wa Turbo, lilizuka swali ambalo hatukuweza kulimaliza kwa usiku mmoja. Ndugu yetu mmoja wa Sugoi alitueleza kwamba watu wa kwao wamekusudia kwenda mbele ya kamati ya bunge la kaunti iangaliayo huduma za jamii, waiombe ipange siku maalumu za kukagua zahanati, madarasa ya chekechea na miradi ya maji. Mzee mmoja akapinga. Alisema kwamba mtu tukimpa kazi kwa kumwamini, kisha tukamfuata nyuma tukahesabu chupa za dawa, tumemvunjia heshima yake. Na Qur'ani, katika Surat al-Hujurat, imekataza dhana mbaya na kupelelezana. Maneno haya si ya kupuuzwa. Wengi katika sisi huyasema pia, ijapokuwa wao huyasema kwa uvivu, si kwa ucha Mungu kama mzee wetu.

Twaona kwamba aya ile yahifadhi siri ya mtu, wala haihifadhi amana ya watu. Imamu al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alipoeleza kazi ya muhtasibu alimpa yaliyo dhahiri: mizani ya sokoni, njia, maji ya mji. Hakumruhusu kuchungulia nyumba za watu. Basi kabati la dawa la zahanati si chumba cha kulala cha muuguzi. Kilichomo ndani yake ni mali ya mama mjamzito atakayekuja usiku, naye hana njia ya kukiangalia ila kwa macho ya wale aliowachagua.

Lakini jibu lililotutuliza zaidi ni kisa alichokipokea Imamu Bukhari. Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, kwa Sayyidna Umar, hata wakasema kwamba hajui kuswalisha. Saad ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo! Umar alimwondoa katika kazi, akamwita, akamsikiliza, kisha akamwambia kuwa hivyo ndivyo alivyomdhania, yaani alimdhania wema. Na juu ya hayo alituma watu kwenda Kufa kuuliza habari zake. Hapa pana fundisho kubwa: dhana njema ilikuwapo, na uchunguzi ulikuwapo, wala kimoja hakikukifukuza kingine. Tena wale waliotumwa hawakukaa katika nyumba ya gavana kungojea watu waje. Walizunguka msikiti kwa msikiti, wasiache hata mmoja, na wote wakamsifu Saad, ila katika msikiti wa Bani Absi alisimama mtu mmoja akamsingizia. Ukaguzi ule ulimtoa Saad katika tuhuma. Na kama Umar angalinyamaza kwa kumheshimu, maneno yale yangalibaki mpaka leo bila jibu.

Sheria ya nchi yetu nayo haikutuacha gizani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti vituo vya afya, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, na hata makaburi. Kifungu cha 185 chalipa bunge la kaunti uwezo wa kuisimamia serikali ya kaunti, cha 195 chaipa kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, na cha 196 chataka vikao viwe wazi kwa wananchi. Uasin Gishu ina wadi 30. Uwezo upo, kinachokosekana mara nyingi ni mpango. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, mpango wa maendeleo hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili. Kamati ikingoja Juni ndipo iulize, imeadhini watu wameshaswali.

Sugoi yajulikana kote kuwa ni nyumbani kwa Rais William Ruto, aliyeapishwa Septemba 2022, na wako wadhanio kwamba penye mkubwa hapahitaji kamati. Mkubwa hahesabu vidonge. Na kaunti hii imekwisha kuonja uchungu wa imani isiyo na hesabu: mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada kwa mpango uliopitia kaunti. Wako waliouza mashamba na ng'ombe. Jambo lilifika Seneti na mahakamani, na kuhukumu si kazi yetu. Twauliza hili tu: ni nani aliyekuwa na siku maalumu ya kuuliza, kabla ya mzazi wa kwanza kuuza ng'ombe wake?

Neno “maalumu” ndilo tulilolishika sana. Mkaguzi amzukiaye yule tu asiyempigia kura, huyo ndiye mpelelezi aliyekatazwa. Ratiba ikitangazwa mapema, ikiwa ni kwa kila zahanati na kila wadi, hapana awezaye kusema ameonewa. Kijana mmoja akatukumbusha kwamba siku ikijulikana, dawa zitaazimwa kwa jirani na sakafu itapigwa deki. Ni kweli. Basi kamati iangalie madaftari ya miezi iliyopita, iwaulize waliotibiwa kama walivyoulizwa watu wa Kufa, na ikitaka kuzuru kwa ghafula, ipige kura baina ya vituo vyote. Mtume (S.A.W.) alipotaka safari alipiga kura baina ya wakeze ili asidhulumiwe mmoja.

Sisi Waislamu wa sehemu hizi tu wachache, na tuna aibu moja: tukienda ofisi ya kaunti, mara nyingi twaenda kuomba ardhi ya makaburi tu, kana kwamba hatuna haja na serikali mpaka tufe. Ndugu yetu wa Sugoi atakwenda kuuliza habari za zahanati inayomtibu jirani yake Mkristo, nasi tumekubaliana kumsindikiza.

Mzee wetu alikubali baada ya kisa cha Saad, lakini hakuondoka bila swali. Alisema, “Na sanduku la madrasa yetu, lina siku gani ya kuhesabiwa?” Hapana aliyemjibu. Daftari lilipotafutwa, hesabu ya mwisho ilikuwa ya mwaka 2021. Litafunguliwa Jumamosi baada ya alasiri, mbele ya wazazi wote, na aliyelishika funguo ameombwa awe wa kwanza kufika.