Niko Sawa

Februari 2020, sebuleni kwa tata yangu huko Ruiru, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika la chai ili sote tuonekane. Upande wa pili alikuwa binamu yangu, chumbani kwake Wuhan, saa zao zikiwa tano mbele ya zetu.

"Uko sawa?" tata akauliza.

"Niko sawa, mum. Na nyinyi?"

"Sisi tuko sawa kabisa."

Simu ilipokatika, tata aliingia jikoni na hakutoka kwa muda mrefu. Nilisikia maji yakimwagika tu. Hakuna chombo kilichooshwa.

Sote tulikuwa tumedanganya, na kila mmoja kwa sababu ya upendo. Swali langu ni hili: uongo wa aina hiyo ni wema au ni kosa?

Kumbuka hali ilivyokuwa. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari na ikakaa hivyo siku 76. Wakenya takriban 100 walikuwa huko, wengi wao wanafunzi. Moroko na Afrika Kusini zilituma ndege kuchukua watu wao. Serikali yetu ilisema wetu wakae, ikawatumia shilingi milioni 1.3 wagawane. Piga hesabu: kama elfu kumi na tatu kwa kila kichwa. Kwenye matatu za Thika Road, barabara iliyojengwa na kampuni za Wachina, nilisikia watu wakisema, "Wabaki huko huko, wasituletee." Sikuwa na ujasiri wa kusema kwamba mmoja wao ni wetu.

Tuseme ukweli, hoja ya kubaki haikuwa ya kijinga. Ugonjwa ulikuwa mpya na hospitali zetu tunazijua. Lakini kumwambia mtu abaki ili wengine wasiumwe ni kumwomba sadaka, na anayetoa sadaka anastahili angalau kujuliwa hali. Sisi tulitaka sadaka, kisha tukataka pia wawe sawa.

Usiku mmoja wa Machi binamu akanitumia ujumbe: "Buda, silali." Alikuwa ameacha kushika simu za mamake kwa sababu sauti yake ilimliza. Kisha akaandika jambo ambalo sitalirudia hapa, na chini yake: "Usimwambie mathe."

Mimi nami nikamtolea yangu: tangu Januari nilikuwa nimeacha chuo, na mama yangu kule Murang'a bado aliamini naenda darasani Thika. Tukawa waongo wawili wanaoambiana ukweli.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa, lakini ni rahisi sana kumlaumu anayeficha. Mbona anaficha? Kwa sababu anajua bei ya kusema. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua Kenya kulikuwa kosa la jinai. Yaani mtu angeponea kifo halafu aingie seli. Nchi inayokushika kwa sababu ya maumivu yako isishangae ukiiambia uko poa.

Nilimwambia tata. Binamu alikasirika, wiki tatu hakuniandikia. Nilivunja ahadi, na siwezi kuiita jina lingine. Bado naamini nilifanya vizuri, kwa sababu siri ni ya mwenyewe, lakini lazima mwenyewe awe hai.

Tata hakulia mbele yangu. Alichobadilisha ni swali. Aliacha "uko sawa?", swali linalokuja na jibu lake mkononi, akaanza kuuliza, "Jana ulilala saa ngapi? Umekula nini? Nionyeshe sahani." Hayo huwezi kuyajibu na "niko sawa." Polepole, binamu akaanza kujibu.

Ndiyo maana siwezi kumtupia msemaji mzigo wote wa ukweli. Anayeuliza naye ana wajibu: aulize kama mtu aliye tayari kusikia jibu baya, na akilisikia, asikate simu.

Kuandika hivi ni rahisi. Tarehe 6 Aprili, siku mbili kabla ya Wuhan kufunguliwa, eneo la Nairobi nalo lilifungwa, na mpaka wake upande wetu ukawa daraja la Chania. Mama alikuwa ng'ambo. Kwa miezi mitatu nilimwambia masomo yamehamia mtandaoni na niko sawa. Mimi, niliyejua yote haya.

Julai njia ilipofunguliwa nikapanda matatu, nikavuka. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamwambia. Alinyamaza, akaendelea kuchambua, kisha akauliza karo ya muhula wa mwisho ilienda wapi.

Tulianzia hapo.