Mbwa Akiuma, Dhima i Juu ya Nani?



Ndugu zetu Waislamu, mtu mmoja alitujia darasani baada ya sala ya alasiri, akatueleza kuwa mwanawe ameumwa na mbwa wa jirani njiani kwenda chuoni, na kanzu ya mtoto imeingia mate. Suala lake lilikuwa moja tu: kanzu ile ioshwe mara ngapi? Tulipomwuliza jeraha limefanywa nini, alisema limepakwa mafuta ya taa na kufungwa kitambaa. Tulipomwuliza mwenye mbwa amesemaje, alicheka. "Mbwa ni mnyama, Sheikh. Nani atamshitaki mnyama?"

Suala la kanzu ni la haki, na tutalijibu. Lakini latuonyesha hali yetu watu wa pwani. Katika elimu yote iliyokuja juu ya mbwa tumeushika mlango mmoja, wa najisi, tukaiacha milango ya dhamana na ya kuhifadhi roho, nayo imo katika vitabu vile vile vya fikihi tunavyovisoma.

Mtume (s.a.w.) ameruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, na maulamaa wakakisia juu ya hao mbwa wa kulinda nyumba. Lakini ruhusa ya kufuga si ruhusa ya kudhuru. Wako wanaoishika ile Hadithi ya kuwa jeraha la mnyama halina fidia, wakadhani imewaokoa. Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Fahamu yao ndiyo mbovu. Wanavyuoni wameieleza kuwa ni ya mnyama aliyedhuru pasipo uzembe wa mwenyewe. Je, hatukusoma katika Surat al-Anbiya habari ya Nabii Daud na Nabii Suleiman, walivyohukumu juu ya kondoo walioingia konde ya watu usiku? Na ngamia wa al-Bara bin Azib alipoharibu bustani, Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama walipe kinachoharibiwa usiku. Ikiwa mimea ina wa kuilipia, mguu wa mtoto hauna?

Imam Nawawi katika Minhaj amemtaja paka. Paka aliyejulikana kwa kula ndege wa watu au chakula chao, mwenyewe hulipa, ikiwa ni usiku au mchana. Paka! Na waliokisherehesha kitabu hicho wakaieneza hukumu kwa kila mnyama aliyezoea kudhuru. Basi mbwa ajulikanaye na mtaa mzima kuwa huuma, kisha akaachwa wazi, mwenyewe hana pa kukimbilia. Wengine hujificha nyuma ya kibao cha "Mbwa Kali" (na Kiswahili chake tukiache). Kibao humwonya mpita njia, ni kweli. Lakini pia ni ushahidi juu ya aliyekitundika, amekiri kwa mkono wake kuwa amjua mbwa wake. Na kibao cha langoni chamfaa nini mtoto aliyeumwa barabarani?

Makadhi wetu, kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, wana ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kesi ya mbwa si yao. Asiyelipwa ataidai mahakama nyingine. Lakini dhima haiondoki kwa kukosa Kadhi wa kuihukumu. Ni juu ya mwenye mbwa kwenda yeye kwa aliyeumwa, na gharama ya matibabu mkononi, kabla hajafuatwa.

Na sisi tusio na mbwa tusijitakase. Vijana wetu humpiga mawe kila mbwa wamwonaye, na wazee wamekaa barazani wanatazama. Mbwa aliyepigwa leo humwuma kesho asiyempiga. Alisamehewa mtu dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, nasi twawafunza wanetu nini? Wafunzwe kuwa mbwa wasiyemjua hasogelewi, wala hagutushwi akila au akinyonyesha. Akiwajia, wasikimbie, kwani akimbiaye hufukuzwa. Wasimame kimya, mikono chini, wasimkazie macho, kisha warudi nyuma polepole.

Akiuma, jambo ni kubwa kuliko kidonda. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa huua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na karibu nusu ni watoto. Nacho chazuilika. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15. Mafuta ya taa, pilipili, masizi, vyote viachwe. Kisha hospitali siku ile ile, na sindano zote zimalizwe hata kidonda kikipona. Anayempa mtoto kombe badala ya sindano amemtia hatarini, na Kur'ani haikuteremshwa kwa hayo.

Mbwa nao huchanjwa. Wapo wanaoona haya kumpeleka mbwa kwa kuogopa najisi; kwa madhehebu yetu mkono mkavu juu ya mbwa mkavu haunajisiki. Natutazame Pemba, kisiwa cha Waislamu kama sisi. Mbwa walichanjwa kila mwaka kisiwa kizima, na kufika Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Chanjo ikalegea, mwishoni mwa 2016 ukaingia tena, watu wakaumwa. Wakarudi kuchanja, ukaondoka Oktoba 2018.

Tulimwambia yule bwana ainuke, ampeleke mtoto hospitali kabla ya magharibi, kisha akabishe kwa jirani. Ama kanzu, yangojea: ioshwe mara saba, moja yao kwa maji yaliyotiwa udongo. Ngozi iliyopatwa na mate, pasipo jeraha, ina hukumu hiyo hiyo. Udongo usitiwe katika jeraha; wako katika maulamaa wa madhehebu yetu waliosema sabuni hushika mahali pake.