Pigo la Kawaida

Katika viwanja vya mazoezi ya gofu hapa Arlington, mji ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, kuna jambo linalompata karibu kila anayejifunza. Hupiga mipira arubaini. Minane hupaa vizuri, na mmoja kati ya hiyo hupaa kana kwamba umepigwa na bingwa. Iliyobaki huburuzika majanini, au huanguka hatua chache mbele baada ya fimbo kuchimba udongo. Akirudi nyumbani husimulia ule mmoja. Nami nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa bila kujiuliza swali lililo wazi: mchezaji huyu ni yupi hasa? Ni yule wa pigo lake bora, au ni yule wa pigo lake la kawaida?

Tuanze na pigo lenyewe. Mpira wa gofu una kipenyo cha takribani milimita 43 na uzito usiozidi gramu 46. Fimbo hugusana nao kwa muda mfupi mno, kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo hakuna nafasi ya kutia nia wala ya kusahihisha kosa. Yote yameshaamuliwa kabla: namna ya kusimama, namna ya kushika, namna uzito wa mwili unavyohama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Kichwa cha fimbo huchora tao hewani, na tao hilo lina mahali pake pa chini kabisa. Kwa fimbo ya chuma na mpira uliolala majanini, mahali hapo panatakiwa pawe sentimita chache mbele ya mpira, ili fimbo iguse mpira kwanza na ardhi baadaye. Pakiwa nyuma ya mpira, ama nguvu huishia udongoni, ama fimbo iliyokwisha kuanza kupanda hugonga utosi wa mpira. Na anayeegemea nyuma ili aunyanyue mpira kwa juhudi zake ndiye anayeukosa, maana uso wa fimbo umeshatengenezwa kwa mwinamo wa kuunyanyua.

Mzee mmoja, ambaye ujanani alibeba mifuko ya wachezaji Nairobi, aliniona nikihangaika. Akaniambia: “Mwanangu, acha kutazama mpira ulikokwenda. Tazama ulipochimba.” Akachora mstari wa unga kwenye majani, akaniamuru nipige mara kumi juu yake bila mpira, nikisogea kidogo kila mara. Alama saba zilikuwa nyuma ya mstari na tatu mbele yake. Sikuwa na mpira mmoja mzuri wa kujificha nyuma yake. Nilichokiona ardhini ndicho nilichokuwa.

Fort Worth, jirani yetu, ndiko alikokulia Ben Hogan. Alizaliwa mwaka 1912, na akiwa mtoto alibeba mifuko katika klabu ya Glen Garden, alikobeba pia Byron Nelson aliyezaliwa mwaka huohuo. Hogan aliingia katika gofu ya kulipwa akiwa na miaka 17, lakini ushindi wake wa kwanza wa peke yake haukuja hadi mwaka 1940. Mipira yake ilikuwa na ugonjwa wa kupinda ghafla kushoto. Si kwamba hakuwa na mapigo mazuri. Alikuwa nayo, ila hakuweza kuyategemea. Alichokitafuta kwa mazoezi ya miaka mingi ni pigo linaloweza kurudiwa, na hilo ndilo analolifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1957, Five Lessons. Mwezi Februari 1949 gari lake liligongana na basi, akavunjika vibaya. Mwezi Juni 1950, miguu ikiwa bado inamuuma, alishinda ubingwa wa wazi wa Marekani.

Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa ufupi: chururu si ndondondo. Maji yanayochururika hayalingani na yanayodondoka bila kukoma. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipa hoja: tabia ni hali iliyokita katika nafsi, ambayo matendo hutoka humo kwa wepesi, na anayetoa mali yake mara moja, kwa sababu ya jambo la kupita, bado hastahili kuitwa mkarimu.

Mtu anaweza kupinga kwamba mazoea nayo hupotosha, na hoja yake ni ya haki. Hata kosa huweza kurudiwa kwa uaminifu mkubwa. Mipira ya Hogan ilipinda kushoto kwa mazoea. Kwa hiyo kurudia peke yake si wema. Panahitajika mstari wa unga, yaani shahidi asiyejali sifa zetu, kisha ujasiri wa kumtazama. Wala sisemi kwamba pigo bora ni uongo. Hutuonyesha tunachoweza. Kosa letu ni kulitumia kama cheti cha tulivyo.

Nasema haya kwa sababu nina shahidi wangu Tanga. Mwaka juzi mama yangu alipougua nilituma fedha nyingi kwa mpigo mmoja, kuliko nilivyowahi kutuma. Mtaa mzima ulinisifu, nami nikajiona mwana mwema. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa wiki saba bila kumpigia simu, na baada ya hapo nikakaa tano. Nilipompigia, alinishukuru, akaniombea dua, kisha akasema: “Mwanangu, hela imefika, Mungu akuzidishie. Ila ukipenda kunipigia, chagua siku moja ijulikane, nisiwe nashinda na simu mkononi kila siku.”

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananionyesha nilipochimba.

Sasa siku yetu ni Jumamosi, saa tatu asubuhi ya Arlington, ambayo kwake ni jioni. Mara nyingi hatuna jambo kubwa la kusema: bei ya samaki, mvua, goti lake. Baadhi ya Jumamosi najikuta sina hamu, napiga hivyohivyo. Zamani ningeona kupiga bila hamu ni unafiki. Siku hizi naona kwamba upendo unaosubiri hamu humwacha mzee akishinda na simu mkononi. Mwezi uliopita nilisahau mara moja. Nimeiandika tarehe hiyo, kama nilivyohesabu zile alama saba nyuma ya mstari, na Jumamosi iliyofuata nilipiga.